Kondensa Iliyoshushwa: Niliyojifunza Mbele ya Hadubini

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya maabara, kwenye kituo cha afya kimoja cha vijijini katika ukanda wa pwani wa Tanga, nilisoma slaidi ya damu ya mtoto wa miaka mitatu, nikaandika kwenye fomu kwamba hakuna vimelea vya malaria vilivyoonekana, nikamkabidhi mama yake karatasi ile na kumwita mgonjwa aliyefuata. Siku mbili baadaye, jioni, mtoto yule alirudishwa akiwa amefungwa kwa kanga mgongoni mwa bibi yake, hajibu akiitwa. Kipimo kilichorudiwa na mwenzangu wa zamu kilionyesha vimelea vingi. Alianzishiwa sindano usiku ule ule, na siku ya tatu aliomba uji mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo namshukuru Mungu kwalo. Lakini asubuhi ile ya kwanza, kabla hatujajua kama atapona, nilikuwa nimesimama mbele ya mkuu wangu wa maabara, ambaye sote tulimwita Mzee bila kuongeza jina, na mkononi mwake alikuwa ameshika slaidi niliyoisoma mimi, iliyokuwa imetunzwa kwenye sanduku la ukaguzi.

Mzee hakunigombeza. Aliipachika slaidi kwenye hadubini yangu, ambayo siku zile niliitumia peke yangu, lakini hakuweka macho kwenye lenzi. Aliinama pembeni mpaka kichwa chake kikawa usawa wa jukwaa linalobeba slaidi, akatazama chini yake kwa muda, kisha akaniuliza: “Mwanangu, juzi asubuhi ulianza na kipimo gani?”

Nikakumbuka. Nilianza na mikojo ya watoto wa shule walioletwa kupimwa kichocho. Yai la kichocho cha mkojo halina rangi. Ni kitu chenye umbo la mviringo mrefu na mwiba mdogo mwishoni, kinachoelea kati ya chumvi na chembe nyingine, na ili likuonekanie vizuri unatumia lenzi ndogo, unaishusha kondensa, lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi, na kukifunga kiwambo chake, tundu linaloweza kubanwa na kupanuliwa, mwanga upungue na kingo za vitu zijitokeze. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na kwa kazi ile ilikuwa sahihi. Kosa langu ni kwamba nilipomaliza mikojo nikaingia kwenye damu, niligeuza lenzi na kudondosha mafuta, lakini kondensa niliiacha pale pale chini na kiwambo kikiwa kimefungwa. Nilipoona giza nikaongeza mwanga wa taa, nikaridhika.

Mzee alipandisha kondensa hadi juu kabisa, akakifungua kiwambo, akapunguza taa kidogo, akadondosha tone jipya la mafuta. “Haya, angalia sasa.”

Nilichokiona sijakisahau. Mahali ambapo mwanzoni palikuwa na vitu vya kijivu vyenye kingo nyeusi zinazong'aa, kila kimoja kikifanana na mwenzake, sasa palikuwa na rangi. Viini vya seli nyeupe vilikuwa vya zambarau iliyokolea, na kati yake, juu ya utando safi, palikuwa na pete ndogo za buluu hafifu, kila moja na nukta yake nyekundu, nyingine zikiwa na nukta mbili. Hazikuwa nyingi sana, lakini zilikuwepo. Zilikuwepo tangu juzi, na mimi nilipita juu yake.

Kazi ya siku ile haikuishia hapo. Mzee alitaka slaidi zote nilizozisoma kwa siku zile mbili zirudiwe, na tulizirudia sote wawili hadi jioni, tukakuta wagonjwa wengine wawili niliowakosea. Mhudumu wa afya wa kijiji alitumwa kwa baiskeli kuwatafuta. Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu vijana wengi ninaowafundisha leo huamini kwamba hadubini ni chombo cha kukuza tu, na kwamba mtu akishajua kuhesabu ukuzaji amekwisha kujua hadubini. Mimi pia niliamini hivyo.

Kwanza jina lake. Watu wengi, wakiwamo wauguzi wetu, huita chombo hiki darubini, na mgonjwa akisema amepimwa kwa darubini tunamwelewa vizuri. Hata hivyo darubini ni ya kutazamia vilivyo mbali, na hadubini ni ya kutazamia vilivyo vidogo, nami nitalitumia neno hilo la pili.

Hadubini tunayoitumia maabara ina lenzi za hatua mbili. Lenzi ya chini, inayokaribiana na slaidi, hutengeneza taswira kubwa iliyopinduliwa ndani ya mwili wa hadubini, na lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo kama kioo cha mkono kinavyokuza maandishi. Ndiyo maana ukiisogeza slaidi kulia, taswira hukimbilia kushoto, na mikono ya mwanafunzi huhitaji siku kadhaa kuzoea. Lenzi ya jicho kwa kawaida hukuza mara 10, na zile za chini, zilizopangwa kwenye kichwa kinachozunguka, hukuza mara 4, 10, 40 na 100. Unazidisha moja kwa nyingine, na kwa lenzi kubwa kabisa unapata mara 1,000. Hesabu hiyo ndiyo niliyotoka nayo chuoni, na ni ya kweli, lakini haisemi kama kitu kilichokuzwa kitaonekana.

Chukua picha iliyochapwa gazetini uitazame kwa kioo cha kukuzia. Nukta za wino zitakuwa kubwa, lakini sura ya mtu haitakuwa wazi zaidi kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa kilichokosekana kwenye picha hakiletwi na kukuza. Hadubini nayo ina kikomo cha namna hiyo, na kikomo chenyewe kinawekwa na mwanga. Mwaka 1873 Ernst Abbe, aliyekuwa akifanya kazi Jena, Ujerumani, pamoja na mtengeneza hadubini Carl Zeiss, alieleza kwamba vitu viwili vikikaribiana kupita kiasi fulani, kinachokaribia nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, lenzi haiwezi kuvitenganisha hata ingetengenezwa kwa ufundi wa namna gani. Kwa mwanga wa kijani na lenzi bora ya mafuta, kiasi hicho ni kama maikroni 0.22, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikroni 7 hadi 8, kwa hiyo haitupi taabu. Nukta nyekundu ya kimelea kichanga cha malaria haifiki hata maikroni 1, na hapo ndipo kila sehemu ndogo ya maikroni unayoipoteza kwa uzembe inakuwa na maana.

Ukitazama ubavu wa lenzi ya chini utaona tarakimu zaidi ya moja. Wengi husoma ile ya ukuzaji na kuiacha inayofuata: 0.10 kwenye lenzi ya mara 4, 0.25 kwenye ya mara 10, 0.65 kwenye ya mara 40, na 1.25 kwenye ya mara 100. Tarakimu hii ya pili inaeleza upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea kutoka kwenye slaidi, na ndiyo inayoamua lenzi itatenganisha vitu vidogo kiasi gani. Sasa koni hiyo haijitokezei yenyewe; inatengenezwa na kondensa, yaani ile lenzi iliyo chini ya jukwaa, inayokusanya mwanga wa taa na kuuelekeza kwenye sampuli. Ukiishusha kondensa na kukifunga kiwambo chake, unaipa lenzi ya 1.25 koni nyembamba inayoifaa lenzi ya 0.25, na uwezo wake wa kutenganisha hupungua karibu kwa nusu, huku ukuzaji ukibaki vile vile mara 1,000. Nilikuwa nimekaa mbele ya chombo kizuri, nikakinyima nusu ya uwezo wake, na hakuna namba yoyote iliyobadilika ya kunionya.

Kiwambo, basi, si cha kupunguzia mwanga. Mwanga ukiwa mkali punguza kwenye swichi ya taa. Kiwambo kazi yake ni kupima upana wa koni. Mzee alinifundisha njia ambayo hadi leo naitumia: ukishalenga, toa lenzi moja ya jicho, chungulia ndani ya bomba, utaona duara la mwanga, kifunge kiwambo polepole mpaka kingo zake zionekane zikiingia ndani ya duara, kisha acha mwanga ujaze kama robo tatu yake. Hapo umepata uwiano mzuri wa uwazi na utofauti wa rangi. Kwa slaidi zilizopakwa rangi ya Giemsa na zenye mafuta unaweza kukifungua zaidi, kwa sababu rangi yenyewe inatosha kukuonyesha kitu. Hadubini kubwa zina kiwambo cha pili karibu na taa, na kuna utaratibu kamili wa kuvipanga vyote viwili, uliotolewa mwaka 1893 na Mjerumani mwingine, August Köhler. Lakini hadubini nyingi za vituo vyetu hazina kiwambo hicho, na mwenye kuzitumia atosheke na kuiweka kondensa katikati na kwenye kimo chake.

Kuhusu mafuta, nilidhani kwa muda mrefu kwamba ni ya kulainisha, lenzi isikwaruze slaidi. Mzee alicheka kidogo niliposema hivyo, kisha akachukua kipande cha slaidi iliyovunjika, akakiosha, akakishika kwa kibanio na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji. Kingo zake zilionekana wazi. Akakikausha, akakitumbukiza kwenye chupa ndogo ya mafuta ya hadubini, na sehemu yote iliyozama ikatoweka, kama kwamba kibanio kimeshika nusu ya kioo tu. Alikiinua, kioo kikarudi, alikizamisha, kikapotea. Sababu yake ni kwamba mwanga hupinda unapotoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine, na kiasi cha kupinda hutegemea tofauti ya vitu hivyo viwili. Kipimo cha kupindisha mwanga cha hewa ni 1.0, cha kioo cha slaidi ni karibu 1.52, na mafuta yametengenezwa yawe 1.515. Mwanga unaotoka kwenye slaidi kuingia hewani hupindwa nje, na ule wa pembeni kabisa, ambao ndio unaobeba habari za vitu vidogo sana, haufiki kwenye lenzi. Mafuta yakiwapo, mwanga unapita kana kwamba kioo hakijakwisha. Kwa hiyo lenzi ya mara 100 bila mafuta ni lenzi iliyofungwa macho, na mafuta ya kupikia au ya mashine ya cherehani, ambayo nimeyaona yakitumika mahali pengine chupa halisi ilipokwisha, hayana kipimo hicho, na mengine huacha utando mgumu juu ya lenzi.

Kwamba lenzi nzuri na mwanga uliopangwa vizuri hushinda wingi wa vioo, historia imelionyesha mapema. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa na hadubini zenye lenzi moja tu ndogo kama shanga, iliyobanwa kati ya vibati viwili vya shaba au fedha, na mojawapo ya zilizobaki hukuza takriban mara 270. Kwa vyombo hivyo, katika miaka ya 1670, aliona viumbe hai ndani ya maji ambavyo hadubini za lenzi nyingi za wakati wake zilishindwa kuvionyesha. Na Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipovitambua vimelea vya malaria mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, alivitambua katika damu mbichi isiyopakwa rangi yoyote. Ninapomsikia mwanafunzi akilalamika kwamba slaidi yake haijakolea, humkumbusha Laveran, kisha namsaidia kupaka nyingine.

Sasa matumizi yenyewe. Hadubini hubebwa kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wake na mwingine ukiwa chini ya kitako, hata kama safari ni ya meza hadi meza. Ukikaa, kiti kiwe cha kimo kinachokuruhusu kutazama bila kuinua shingo. Mtu anayesoma slaidi 40 kwa siku akiwa ameinama vibaya atakosea za mwisho kwa sababu ya maumivu tu. Sogeza lenzi za macho mpaka duara mbili ziwe moja. Kisha linganisha macho: funga jicho lenye pete ya kurekebishia, lenga kwa lile lingine kwa skrubu ndogo ya kulengea, halafu funga hilo lililolenga, fungua la kwanza, na uzungushe pete yake bila kugusa skrubu. Kazi hii inachukua nusu dakika na wengi huiruka, kisha mchana huumwa na kichwa na kudhani ni njaa.

Anza na lenzi ndogo kila mara, hata kama unajua utaishia na ya mara 100. Uwanja unaouona kwa lenzi ya mara 10 kwenye hadubini ya kawaida una upana wa kama milimita 1.8, na kwa ya mara 100 ni milimita 0.18 tu, anayeanza na kubwa ni sawa na anayetafuta nyumba mjini akichungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukitumia lenzi ndogo, tazama kwa pembeni ukilipandisha jukwaa mpaka slaidi iikaribie lenzi, kisha weka macho na ulenge kwa kulishusha jukwaa, usilenge kwa kulipandisha. Ukienda namna hiyo huwezi kuvunja kitu. Ukifika kwenye lenzi kubwa, skrubu kubwa usiiguse tena. Ni ndogo tu, kwa mzunguko mdogo, mbele na nyuma, na vidole visiiache muda wote unaposoma, kwa sababu tone nene la damu lina kina, na kimelea kilicho juu hakionekani wakati umelenga kilicho chini.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni la lenzi ya mara 40. Mtu amekwisha kudondosha mafuta, ametumia ya mara 100, kisha anataka kurudi nyuma kidogo, anazungusha kichwa na ya mara 40 inapita ndani ya mafuta. Lenzi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya hewa, na iko karibu sana na slaidi. Mafuta hukauka usoni pake, na tangu siku hiyo kila kitu huonekana kama kimetazamwa kupitia moshi. Kwenye kituo kimoja nilichohamia baadaye nilielezwa kwamba lenzi ya mara 40 ilikufa zamani na kwamba barua ya kuomba nyingine ilikwisha kuandikwa. Niliichomoa, nikaigeuza juu chini, nikaitazama uso wake kwa kutumia lenzi ya jicho kama kioo cha kukuzia, nikaona utando wa rangi ya asali. Nilitumia karatasi laini ya lenzi iliyoloweshwa kidogo tu dawa ya kusafishia, nikafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mara nne, kila mara kwa karatasi mpya. Lenzi ilifufuka. Wahudumu wa pale walikuwa wamekaa bila hiyo kwa muda mrefu, wakisoma mikojo na vinyesi kwa ya mara 10 peke yake, na nilisikitika kufikiria ni mangapi yaliyowapita.

Kusafisha nako kuna madhara yakifanywa kwa haraka. Pamba, shashi, pindo la koti na kitambaa cha mfukoni vyote hubeba vumbi la mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo cha lenzi. Kwanza puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana mate ni mabaya zaidi. Halafu ndipo ufute. Zailini, kemikali ya kuyeyushia ambayo wengi wetu tulizoea kuitumia kwa mafuta, ikizidi huyeyusha gundi inayoshikilia vioo ndani ya lenzi, kwa hiyo kama huna kitu kingine iwe tone moja kwenye karatasi, na ifutwe mara moja kwa karatasi kavu. Lenzi ya mafuta hufutwa kila kazi inapokwisha, jioni, wala haiachwi hadi kesho.

Pamoja na mwanga na usafi, kuna jambo la tatu ambalo hakuna chombo kinachoweza kulifanya kwa niaba yako, nalo ni kumaliza nyanja zako, yaani zile sehemu za slaidi unazoziona moja baada ya nyingine kwenye lenzi. Slaidi ya tone nene la damu haitangazwi kuwa safi kabla ya kusomwa nyanja 100 kwa lenzi ya mafuta, na ya makohozi kwa kifua kikuu nayo ni 100. Mimi siku ile ya mtoto sidhani kama nilifika 40. Kwa mwendo wa haki nyanja 100 ni kazi ya dakika kumi au zaidi, na foleni ikiwa ndefu mkono hutamani kukimbia. Mzee alitumia kihesabio cha vidole hata katika slaidi ambazo aliona wazi hazina kitu, akipita mstari mmoja kwenda na mwingine kurudi kama mtu anayelima shamba kwa matuta, asirudie alipopita wala asiache pengo. Vimelea vikionekana huhesabiwa sambamba na seli nyeupe 200, kisha kwa kuchukulia kwamba mtu ana seli nyeupe 8,000 katika kila maikrolita, unapata makadirio ya wingi wa vimelea, ambayo daktari huyahitaji kujua kama dawa inafanya kazi. Kipimo cha haraka, ambacho leo kimeenea na kimetuokoa sana, hakitoi hesabu hiyo.

Kuona kitu ambacho hakipo ni kosa la upande wa pili, na linamgharimu mgonjwa vile vile. Punje za rangi ya Giemsa iliyokaa tangu jana hujikusanya kuwa nukta za zambarau ambazo mwenye haraka huziita vimelea. Gustav Giemsa, mkemia aliyeitangaza rangi hiyo mwaka 1904 na ambaye kabla yake aliwahi kufanya kazi ya ufamasia huku kwetu, zama za ukoloni wa Wajerumani, angetuambia tuichanganye upya kila siku. Sisi tunatumia asilimia 10 kwa dakika kumi, kwa maji yenye pH 7.2, na kinachobaki kinamwagwa. Kimelea cha kweli kina sehemu mbili, nukta nyekundu na mwili wa buluu, na huwa katika kina kimoja na seli nyeupe. Punje ya rangi ina rangi moja na mara nyingi huelea juu ya utando, ukisogeza skrubu ndogo unaiona ikija peke yake. Kipovu cha hewa kina ukingo mnene mweusi uliokamilika mno kuwa wa kiumbe. Na ukiona doa lisilotulia mahali, zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka nayo, limo kwenye lenzi, halimo kwa mgonjwa.

La mwisho ni la pwani hasa. Unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui zinazokula uso wa kioo, na zikishaota ndani hakuna karatasi inayozifikia. Dawa yake ya zamani ni kabati lenye balbu ndani yake, inayowaka usiku kucha, ili joto lake lifukuze unyevu. Tulikuwa nalo, na kwa miaka mingi lenzi zetu zilikuwa safi. Kisha balbu ile ya waya iliungua, fundi akaweka ya kisasa inayotumia umeme kidogo. Kabati liliendelea kung'aa kila usiku, na sisi tuliliona linang'aa tukaondoka kwa amani. Baada ya masika, kwenye lenzi moja ya jicho, niliona nyuzi mbili zikitoka ukingoni. Niliingiza mkono kabatini, na hewa ya ndani ilikuwa baridi kama ya nje. Balbu mpya ilitoa mwanga bila joto.

Balbu za waya siku hizi ni shida kupatikana, kwa hiyo tumehamia kwenye punje za silika. Tunaziweka kwenye sahani ndogo kila rafu, na mlango tumeuzibia mpira wa pembeni. Zikiwa kavu ni za buluu, na zikishanyonya unyevu hugeuka za waridi. Kila Ijumaa mchana, wagonjwa wakipungua, mmoja wetu huzikusanya sahani zile, huzitia kwenye oveni ya kukaushia vyombo, na hazirudishwi kabatini mpaka zimekuwa za buluu tena hata punje ya mwisho.